Utangulizi: Tetea Anaponyamaza

Tetea akishataga hutoka kiotani akipiga kelele, na nyumba nzima hujua. Kwa hiyo anapoacha kutaga, kabla mtu hajaenda kutazama kiota, masikio yamekwisha kuona upungufu: saa nne asubuhi ni kimya. Mama mwenye kuku huinua kichwa pale anapochambua mboga akasema, “Yule mwekundu siku hizi simsikii.” Somo unaloliingia, ndugu msomaji, linaanzia hapo.

Wanafunzi wangu wengi huja na jibu mkononi: kuku hatagi, basi anaumwa, atafutiwe dawa. Nakuomba uliweke jibu hilo kando kwa muda. Katika mwili wa kuku yai ni matumizi ya mwisho. Kwanza hulishwa moyo, misuli, joto la mwili na manyoya; kinachosalia ndicho hugeuka yai. Mayai yakipungua, kuna mdai mwingine ndani ya mwili aliyetangulia kuchukua chake, na kazi ya taaluma hii ni kumtambua.

Uzijue kwanza saa za yai. Kuku hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Ya kulia hudumaa. Kiini hukua kwa kasi kwa siku saba hadi kumi, kisha hudondoka kwenye mrija wa mayai. Huko hupakwa ute kwa saa tatu hivi, huvishwa ngozi mbili nyembamba, halafu yai hukaa takribani saa 20 likijengewa kaka. Jumla ni kama saa 25, na kiini kingine hudondoka nusu saa hivi baada ya yai kutoka. Hesabu hiyo haienei katika siku ya saa 24. Ndiyo maana kuku aliyetaga saa mbili asubuhi leo huchelewa kidogo kesho, na keshokutwa zaidi, hadi afike mchana. Kisha hupumzika siku moja na kuanza upya. Siku moja bila yai haina neno. Wiki nzima ndiyo habari.

Kaka lenyewe linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana hapo ndipo nilipolipenda somo hili. Kila yai huondoka na gramu 2 hivi za kalisi, nyingi kuliko ilivyo kwenye damu yote ya kuku kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kaka hujengwa usiku, kuku akiwa amelala na gole likizidi kuwa tupu. Inatoka wapi? Ndani ya mifupa ya miguu ya tetea kuna mfupa mwingine laini, ambao jogoo hana, uliowekwa kama ghala: mchana hujazwa, usiku huchotwa. Kuku anayelishwa pumba za mahindi peke yake hupata nguvu ya kutembea, lakini protini ni haba na kalisi karibu hakuna. Ghala hupungua siku hadi siku. Mwenye nyumba huokota kwanza yai lenye kaka jembamba, pengine yai lisilo na kaka kabisa, kisha haokoti kitu. Kabla ya dawa yoyote, mpe makombe ya pwani yaliyopondwa, au chokaa ya mifugo, au maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kusagwa vizuri asiyatambue, asije akajifunza kuyadonoa mayai yake. Na dagaa kidogo, au mchwa wakati wa mvua.

Sasa nikuonye kuhusu vitabu. Vingi viliandikwa Ulaya na Marekani, na sababu ya kwanza vinayoitaja ni majira ya baridi: mchana unafupika, kuku anaacha kutaga. Ni kweli, kwao. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Jacques Benoit alionyesha kwa mabata kwamba mwanga huamsha viungo vya uzazi hata ndege akiwa haoni, kwa kuwa hupenya fuvu na kufika ubongoni. Kuku hupendelea mwanga wa saa 14 hadi 16. Lakini Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja, na Nairobi ni dakika chache tu. Anayenakili sababu ya baridi na kuileta hapa anamlaumu asiyehusika. Hata hivyo mwanga haujatoka katika kesi yetu. Kuku anayefungiwa katika banda lisilo na dirisha, akafunguliwa saa tatu asubuhi na kurudishwa saa kumi jioni, amefupishiwa mchana na mfugaji mwenyewe.

Sisi tuna joto. Kuku hatoki jasho; hupoa kwa kuhema, na kwa kuhema hupoteza hewa ya kaboni ambayo mwili ungeitumia kutengeneza kaka. Halafu hula kidogo. Katika jua la Januari pwani, kivuli na maji baridi ya kunywa ni lishe, na kopo la maji likikauka mchana mmoja tu, kiota kitakuambia.

Tufike kwenye kuatamia, ambapo kuku wetu wa kienyeji huhukumiwa vibaya kuliko mahali pengine popote. Akitaga mayai 10 hadi 15, homoni iitwayo prolaktini humpanda, ovari husinyaa, naye hulala juu ya mayai siku 21. Kisha hulea vifaranga wiki nyingi bila kutaga. Watu humlinganisha na kuku wa kisasa wa mayai, anayekaribia mayai 300 kwa mwaka, wakamwita mvivu. Yule wa kisasa amechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi akapoteza hamu ya kuatamia. Bila mashine ya kuangulia, ukoo wake ungekoma. Kuku wetu wa kienyeji kama Kuchi na Ching’wekwe wamefika kwetu kwa sababu bibi zao walikubali kuacha kutaga. Kupumzika huku hakuna tiba, wala hakuhitaji, sawa na kule kwa tetea anayenyonyoka manyoya: manyoya ni protini karibu yote, na ni vigumu yaote huku mayai yakiendelea kutoka.

Magonjwa yapo, na sura tatu za kitabu hiki ni zake. Mdondo, ambao vitabuni huitwa ugonjwa wa Newcastle kwa kuwa ulitambuliwa karibu na mji huo wa Uingereza mwaka 1926, huua kundi zima, na wanaopona huweza kukaa muda mrefu bila kutaga sawasawa. Chanjo ya I-2, tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi michache, ni nafuu kuliko kilio chake. Kuna pia virusi vinavyoshambulia mrija wa mayai, vilivyoelezwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 1976: kuku anakula, anatembea, mayai yanatoka bila kaka.

Lakini usianzie huko. Wakati mmoja jirani aliniletea tetea kikapuni akitaka dawa. Nilimpapasa: upanga mwekundu, tundu la kutagia pana na lenye unyevu, na kati ya ncha za mifupa ya nyonga vidole vitatu vilipita. Kuku huyo alikuwa anataga. Tulimfungulia, tukamfuata kwa mbali, na nyuma ya rundo la kuni tukahesabu mayai 11. Kwingine ungekuta kenge ametangulia.

Basi kabla ya kufungua sura ya kwanza, nenda bandani usiku na tochi. Mulika chini ya fito wanakolala. Utitiri mwekundu hutoka gizani kunyonya damu, na mchana humwoni. Kisha mshike tetea mmoja kwa upole, umgeuze, upime kwa vidole.