ACHA NAFASI: VIJIDUDU HAVIJUI MPAKA

Mimi ni mganga katika zahanati ya kijiji. Leo sitaeleza habari za vidonge wala sindano. Nitaeleza habari za nafasi. Nafasi ni ile sehemu tunayoiacha wazi kati ya nyumba na nyumba, au kati ya choo na kisima. Watu wengi huiona kuwa ni ardhi iliyopotea bure. Sivyo. Nafasi ni kinga.

Masika moja mama alimleta mtoto wake zahanati. Mtoto alikuwa anaharisha. Macho yake yalikuwa yamezama, na alipolia hakutoa machozi. Tulimnywesha maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, tangu asubuhi mpaka jioni. Mtoto alipona. Lakini wiki ile ile waliletwa watoto wengine wawili wa nyumba hiyo hiyo. Nikaona afadhali niende kwao nikatazame.

Nilikuta kisima cha familia kiko karibu na mpaka. Ng'ambo ya mpaka, upande wa juu wa mteremko, kilikuwapo choo cha jirani. Tulipima kwa kamba. Zilikuwa mita 9 tu.

Mzee mwenye choo aliniambia, "Mwanangu, choo kiko kwangu. Kwani nimevuka mpaka?"

Ni kweli, hakuvuka. Baba wa watoto naye alichimba kisima katika kiwanja chake. Kila mmoja alikuwa kwake. Lakini vijidudu havijui mpaka. Maji yaliyo chini ya ardhi husafiri polepole, na yanaweza kubeba vijidudu vya choo mpaka kisimani. Zahanati yetu haina chombo cha kupima maji. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka pale. Lakini mita 9 ni hatari.

Majirani wale walibishana sana. Kila mmoja alisema, "Mimi nilitangulia." Mwisho mzee alisema, "Watoto hawa ni wajukuu zangu pia." Alikubali kufukia shimo. Baba wa watoto alimsaidia kuchimba choo kipya, mbali na kisima, upande wa chini. Nyumba zote mbili ziliendelea kuchemsha maji ya kunywa.

Sasa tuangalie vipimo.

1. Choo na kisima: mita 30 au zaidi. Choo kiwe upande wa chini wa kisima. Chini ya shimo pasifike kwenye maji.

2. Choo na nyumba: mita 6 au zaidi. Lakini kisiwe mbali mno. Kikiwa mbali, watoto na wazee hawatakwenda usiku.

3. Nyumba na mpaka: ushauri wangu ni mita 3 au zaidi. Jirani naye akiacha mita 3, mtapata mita 6. Hapo hewa na jua vitaingia madirishani. Kifua kikuu huambukiza kwa urahisi katika chumba kisichopitisha hewa. Maji ya mvua ya paa lako hayatabomoa ukuta wa jirani. Moshi wa jiko lako hautaingia chumbani kwake. Nyumba za nyasi zihitaji nafasi kubwa zaidi, kwa sababu cheche za moto hurushwa na upepo.

4. Nyumba na barabara: katika Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahifadhi mita 30 kila upande wa barabara kuu na za mkoa, kuanzia katikati ya barabara. Usijenge humo. Mtoto anayecheza mlangoni asikute gari mbele yake.

5. Mto, ziwa na bahari: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Huna chombo cha kupimia? Chukua kamba. Mwombe fundi seremala akupimie mita 10 kwa futi yake, kisha funga fundo. Kamba hiyo mara 3 ni mita 30. Pima kabla ya kuchimba msingi. Ukuta ukisha simama, kuuhamisha ni kazi na ni hasara. Na mpime pamoja na jirani yako, yeye akishika ncha moja na wewe nyingine.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza, kisha wakachimba vyoo. Kazi yetu sisi ni kuviweka vyoo mahali panapofaa. Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kuzungumzia vipimo hivi. Halmashauri ya Kijiji inaweza kuvitungia sheria ndogo, na kuipeleka wilayani ikubaliwe. Hapo hakuna atakayesema anaonewa, maana kamba itakuwa moja kwa wote.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, toka nje na kamba yako. Anzia kisimani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kutoka choo chenu mpaka kisima kilicho karibu ni mita ngapi?
2. Kwa nini choo kiwe upande wa chini wa kisima?
3. Choo cha jirani kikiwa karibu na kisima chako, utazungumza naye namna gani bila ugomvi?