Mashine si chuma tu: bei ya biashara hupatikanaje?

MTU anayeuza mashine ya kusaga nafaka katika kata ya Ipuli, mjini Tabora, kwa kawaida huanza kwa kutaja gharama zake. Mota alinunua kwa kiasi fulani, kinu kwa kiasi fulani, kuvuta umeme wa njia tatu kulimgharimu kiasi fulani. Anajumlisha, anaongeza kidogo, na hiyo ndiyo bei. Mnunuzi naye anagongagonga kinu, anatazama mikanda, kisha anataja nusu. Wanakutana katikati. Wote wawili wamezungumzia chuma, na hakuna aliyegusa biashara yenyewe.

Kosa hilo huwagharimu zaidi wajane na warithi, ambao huuza kwa haraka ili wagawane fedha, na mara nyingi mkononi hawana daftari hata moja.

Chukulia mfano wa mashine inayoingiza wastani wa Sh 1,800,000 kwa mwezi. Umeme unakula Sh 650,000, mshahara wa msagaji Sh 250,000, pango la banda Sh 100,000, vipuri kama nyundo, chekeche na mikanda Sh 100,000, na kodi na ada nyingine Sh 100,000. Zinabaki Sh 600,000, yaani Sh 7,200,000 kwa mwaka. Wauzaji wengi wanaojua kupiga hesabu huishia hapo.

Hata hivyo, mwenye mashine hushinda pale tangu asubuhi akipima madebe na kupokea fedha. Akiondoka lazima aajiriwe mtu wa kukaa mahali pake, tuseme kwa Sh 200,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni Sh 2,400,000. Aidha, mashine inachakaa. Kama mpya ni Sh 8,000,000 na hudumu miaka minane, kila mwaka Sh 1,000,000 zinapaswa kuwekwa kando kwa ajili ya kununua nyingine. Faida halisi inashuka hadi Sh 3,800,000.

Mnunuzi anayetaka fedha zake zirudi katika miaka mitatu atalipa Sh 11,400,000. Anayeridhika na miaka minne atafika Sh 15,200,000. Mvutano wa kweli unapaswa kuwa juu ya idadi hiyo ya miaka. Je, kuna mwingine anayejenga banda la mashine ng'ambo ya barabara? Mkataba wa pango umeandikwa, au ni maneno tu na mwenye nyumba? Wateja wanafuata mashine au wanamfuata mzee mwenyewe? Hatari ikiongezeka, miaka inapungua na bei inashuka nayo. Mwishoni madeni hutolewa: kama kuna mkopo wa Sh 2,000,000 haujalipwa, mnunuzi atakayeubeba anaukata kwenye bei.

Wapo watakaopiga hesabu hii na kukuta hakuna kinachobaki. Hao walikuwa wakijilipa mshahara na kuuita faida, na mashine yao kweli ina thamani ya chuma tu.

Tabora ina mtego mmoja zaidi. Biashara nyingi za mkoa huu hupanda na kushuka pamoja na malipo ya tumbaku. Muuzaji mjanja ataonyesha daftari la Julai, wakati wakulima wana fedha na mahindi yamejaa ghalani. Mnunuzi na aombe la Februari. Miezi 12 ni kiasi cha chini kabisa, na miezi 24 ni bora zaidi.

Hesabu ya namna hii haikuletwa na wazungu wa benki. Katika karne ya 19, mfanyabiashara wa msafara aliyenunua pembe za ndovu Unyanyembe alizipima kwa bei ya Unguja, akatoa ujira wa wapagazi, hongo za njiani na miezi ya safari. Bidhaa alizochukulia kwa mkopo kwa matajiri wa Unguja nazo zilikuwa zikimsubiri. Kilichobaki ndicho kilichomwonyesha kiasi cha kutoa pale Tabora.

Kampuni kubwa zinauzwa kwa kanuni hiyo hiyo, na moja inawahusu wakulima wa tumbaku moja kwa moja. Mwaka 1995 Serikali iliuza asilimia 51 ya Kampuni ya Sigara Tanzania kwa R.J. Reynolds ya Marekani kwa dola milioni 55. Kwa bei hiyo kampuni nzima ilihesabiwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 108. Fedha hizo hazikulipwa kwa ajili ya mitambo ya Dar es Salaam pekee. Mnunuzi alikuwa analipia majina ya sigara yaliyozoeleka na karibu soko lote la nchi. Mwaka 1999 Japan Tobacco iliinunua biashara ya R.J. Reynolds nje ya Marekani kwa karibu dola bilioni 8, na kampuni ya hapa ikapata mwenye mpya bila mkulima yeyote kuulizwa.

Kwa mwananchi wa kawaida mfano wa karibu zaidi ni benki ya NMB. Mwaka 2008 Serikali iliuza hisa milioni 105, sawa na asilimia 21, kwa Sh 600 kila moja. Benki ina hisa milioni 500, hivyo yote ilithaminiwa Sh bilioni 300. Kabla ya mwaka 2015 bei ya hisa moja ilikwisha kuvuka Sh 2,000. Waliokuwa na Sh 600 walikuwa wengi kuliko waliokuwa wamesoma taarifa ya faida ya benki hiyo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ajue anauziwa nini. Anayenunua hisa za kampuni iliyosajiliwa BRELA anaichukua pamoja na madeni yake, yakiwamo ya TRA. Anayenunua mashine na vifaa peke yake kwa kawaida huyaacha madeni kwa muuzaji. Jina la biashara tu, bila kampuni, halina hisa za kuuza, na suala la leseni liulizwe ofisi ya biashara ya manispaa mapema.

Mkataba nao uandikwe. Inafaa sehemu ya fedha, labda robo, ibaki mkononi mwa mnunuzi kwa miezi mitatu hadi aone kama wateja waliotajwa wapo. Kiwepo pia kipengele kinachomzuia muuzaji kufungua mashine nyingine mtaa huo huo kwa muda mtakaokubaliana.