Kumfanyiza Upya Vampirella katika Kompyuta

Mchoro wa karatasi una ruhusa ya kunyamaza. Mchoraji aweza kuuonyesha upande mmoja wa uso na kuuachia kivuli upande wa pili. Akizificha nyayo katika ukungu, hapana atakayemdai. Walakini mtu atakaye kuugeuza mchoro huo uwe sanamu ya kompyuta, ambayo mtazamaji aweza kuizungusha na kuitazama pande zote, hana ruhusa hiyo. Hana budi kujibu kila swali ambalo mchoraji aliliacha. Katika makala hii nitajaribu kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na mfano wangu ni Vampirella, shujaa wa kike wa hadithi za picha za Marekani.

Vampirella alitokea mara ya kwanza mwaka 1969, katika gazeti lenye jina lake lililotolewa na Warren Publishing. Aliyembuni ni Forrest J Ackerman. Frank Frazetta alichora jalada la toleo la kwanza, na Tom Sutton akachora hadithi yake ya kwanza. Husimuliwa kuwa binti huyu alitoka katika sayari iitwayo Drakulon, ambako damu hutiririka mitoni kama maji yatiririkavyo kwetu. Ukame ulipoikumba sayari hiyo, akaja duniani.

Hapa yafaa niseme neno juu ya jina la viumbe wa namna yake. Wako watakaopenda kumwita mumiani, lakini sidhani kuwa neno hilo latosha. Mumiani wa masimulizi ya pwani ni mtu awatoaye wenziwe damu ili ifanywe dawa au iuzwe. Huyu ainywa kwa kuwa ndiyo riziki yake. Kwa hiyo nimechagua kumwita mnyonya damu.

Kazi ya kwanza ya mfanyizaji ni kukusanya michoro, na papo hapo hukutana na tatizo. Vampirella hakuchorwa na mkono mmoja. Yule wa Frazetta ni tofauti na yule wa Sutton. Na tangu toleo la 12, mwaka 1971, José González wa Barcelona alimpa sura ambayo wasomaji wengi huihesabu kuwa ndiyo sura yake hasa. Mwenye kuchanganya pua ya mmoja na macho ya mwingine atapata mwanamke asiyefanana na yeyote kati yao. Yapasa basi achague mchoraji mmoja awe kiongozi wake, na wengine awe akiwauliza tu pale kiongozi anaponyamaza.

Akiisha kuchagua, huanza kujenga umbo. Mwili wa sanamu ya kompyuta si kitu kigumu kilichojaa ndani, bali ni wavu mtupu: nukta zilizoungwa kwa mistari, na matundu ya wavu aghalabu yana pembe nne. Mwaka 1978 Edwin Catmull na Jim Clark walitangaza njia ya kuyagawa matundu hayo madogo madogo mpaka umbo la pembepembe lilainike, na njia hiyo yatumika hata leo. Mistari ya wavu haina budi kuuzunguka mdomo na macho kama misuli iizungukavyo, la sivyo uso hukunjamana vibaya unapotabasamu. Hapa wino humdanganya mwanafunzi. Mstari mweusi ubavuni mwa pua hauko katika mwili wa mtu. Mara ni kivuli, mara ni ukingo. Akiufanya kuwa mfereji katika nyama, atapata kizee badala ya msichana.

Baadaye hufuata ngozi. Wavu hukatwa mahali pasipoonekana sana, ukatandazwa bapa kama ngozi ya mbuzi iliyochunwa na kuwambwa. Juu yake hupakwa rangi, kisha hurudishwa mwilini. Lakini rangi peke yake huleta mfano wa mtu wa plastiki. Mwanga uangukao juu ya mwili wa binadamu huingia kidogo ndani, hutawanyika, kisha hutokea mahali pengine. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walieleza njia nyepesi ya kulihesabu jambo hilo, na tangu hapo nyuso za kompyuta zilipata uhai. Kwa mnyonya damu ni swali zito: damu yake ionekane chini ya ngozi kwa kiasi gani? Michoro ya wino mweusi haijibu.

Mwisho hutiwa mifupa, na kila nukta ya wavu huambiwa imfuate mfupa gani na kwa kadiri gani. Hapo ndipo vazi hudhihirisha siri yake. Vampirella huvaa vazi jekundu lenye ukosi mweupe, ambalo mikanda yake miwili hushuka kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno, na alama ya popo wa dhahabu mbele. Katika karatasi mikanda hiyo hushikwa na wino. Katika sanamu, akiinua mkono tu, huzama katika nyama au huelea hewani. Lazima mtu aamue imekatwaje, ina upana gani, na imeshikwa na nini.

Aliyelibuni vazi hilo ni Trina Robbins, naye alisimulia kuwa alimweleza Frazetta namna yake kwa simu. Miaka ya baadaye alilalamika kwamba wachoraji walizidi kulipunguza, hata likawa si lile alilolikusudia. Basi mfanyizaji anayenakili mchoro wa karibuni bila kuuliza hamnakili Vampirella wa mwaka 1969. Ananakili makosa juu ya makosa, kama mwandishi aliyenakili nakala ya nakala.

Jambo hili si geni kwetu tunaoshughulika na hati za kale. Mwenye kuhariri utenzi huzilinganisha nakala, huchagua iliyo bora, na mahali mchwa walipokula karatasi hujaza kwa akili yake. Lakini akiwa mwaminifu hutia alama, ili msomaji ajue lipi ni la mtungaji na lipi ni la mhariri. Mfanyizaji wa sanamu naye afanye vivyo hivyo. Aandike kando ya kazi yake: uso ni wa fulani, vazi ni la fulani, na mgongo, ambao hakuna aliyeuchora vema, ni wangu mwenyewe. Sanamu ya kompyuta hupendeza mno hata mtazamaji huidhani ndiyo asili. Asipoambiwa, kizazi kijacho kitamjua mfanyizaji na kumsahau mbunifu.