Gari Kuukuu la Otomatiki Linaposumbua Gia

Barabara ya Meru kwenda Embu ina miteremko mirefu, na ule wa daraja la Nithi kila dereva anaujua. Hapo gari la otomatiki huteremshwa kwa gia ya 2 au L ili injini isaidie breki. Giaboksi ikiteleza, hubaki breki peke yake, nayo hupata moto na kukosa nguvu.

Anza na oili ya giaboksi, kabla fundi hajafungua chochote. Egesha mahali tambarare gari likiwa limepata moto. Toyota nyingi za zamani hupimwa injini ikinguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda huzimwa kwanza. Oili ikipungua, gia huchelewa kushika. Nyekundu ni nzuri. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba sahani za klachi zinaisha. Ikiwa na rangi ya waridi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia: usiliendeshe tena, livutwe.

Oili ikiwa sawa, kagua kebo inayotoka kwenye kabureta hadi giaboksi. Ikilegea, gia hubadilika mapema na kuteleza. Ikikazwa mno, huchelewa na kugonga. Kwenye Mercedes-Benz za miaka ya 1970 kuna pia kipaipu cha mpira kinachovuta hewa kutoka injini. Kikipasuka, gia hugonga vivyo hivyo. Ni kitu cha bei ndogo, lakini fundi mwenye haraka atakuuzia giaboksi nzima. Mwombe akikague mbele yako.