Ubunifu wa Komredi ni Mali ya Nani?

Makomredi, nilipokwenda mazoezi ya kufundisha fizikia nilikuta shule isiyo na kifaa hata kimoja cha somo la umeme. Nikaunda ubao wa saketi kwa kipande cha mbao, nyaya za redio mbovu na balbu za tochi, na Kidato cha Kwanza wakaelewa siku hiyo hiyo. Kurudi chuoni nikaalikwa kwenye maonyesho ya ubunifu. Mlangoni nikapewa fomu, nikatia sahihi haraka haraka maana foleni ilikuwa ndefu. Mstari wa mwisho ulisema kila kitakachoonyeshwa ni mali ya waandalizi.

Ndipo nikaanza kusoma sheria.

Ile kubwa ni Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Ndiyo iliyozaa NACOSTI inayotoa vibali vya utafiti, KENIA ya kuufikisha ubunifu sokoni, na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, ambayo iliahidiwa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Asilimia 2, jamani! Haijawahi kuionja.

Lakini swali la umiliki liko katika Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001. Humo, haki ya hataza ni ya aliyevumbua. Mwajiri huichukua uvumbuzi unapotokana na kazi aliyokuajiri kuifanya. Sasa, mimi hulipa karo, silipwi mshahara. Kinachomponza mwanafunzi ni kalamu yake mwenyewe, kwa sababu haki hiyo yaweza kuhamishwa kwa maandishi. Kwa hiyo kabla ya kupokea pesa za mradi, itisha sera ya chuo kuhusu mali ya ubunifu uisome yote, hata yale maandishi madogo.

Hataza hulinda kwa miaka 20. Kwa vifaa vidogo kama ubao wangu kuna cheti kingine chepesi zaidi, cha miaka 10. Hapo hudaiwi uvumbuzi wa ajabu, bora kifaa kiwe kipya na kiweze kutengenezwa viwandani. Vyote viwili huombwa KIPI, Nairobi. Mwongozo nilioandikia walimu nao una hakimiliki tangu nilipouandika, bila kuomba popote.

Nimewaendea wale waandalizi kutaka nakala ya fomu yangu. Wakaniambia nije wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo imeshapita mara tatu.