Mazungumzo ya kuandikwa katika ufundishaji wa Kiingereza

Mazungumzo ya kuandikwa ni majibizano mafupi kati ya watu wawili au zaidi, yanayotungwa ili wanafunzi wa lugha wayasome, wayakariri na kuyaigiza. Hutumika sana kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili.

Historia

Mbinu hii ni ya zamani. Mwaka 1586 mwalimu Mfaransa Jacques Bellot alichapisha mjini London kitabu cha mazungumzo kwa ajili ya wakimbizi Waprotestanti waliotoka Ufaransa. Kitabu kilikuwa na safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, na Kiingereza kilichoandikwa kwa kufuata matamshi ya Mfaransa. Wahusika wake huamka, hupeleka mtoto shuleni na hununua nyama na samaki. Hivyo mkimbizi alipata kwanza maneno aliyoyahitaji ili aishi ugenini.

Katika miaka ya 1950 na 1960 mazungumzo ya kukariri yalikuwa msingi wa njia ya kusikiliza na kusema iliyoenea kutoka Marekani. Njia hiyo ilitegemea wazo kwamba lugha ni mazoea yanayojengwa kwa kurudiarudia, kama alivyofundisha mwanasaikolojia B. F. Skinner. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky alilipinga, akionyesha kwamba binadamu hutunga na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia.

Matumizi darasani

Kwa kawaida mwalimu husoma mazungumzo kwa sauti, wanafunzi hurudia pamoja, kisha huigiza wawili wawili. Baadaye hubadilisha baadhi ya maneno: anayenunua mkate hununua sukari, na bei hubadilika pia. Njia nyingine ni kuandika mazungumzo ubaoni na kufuta maneno kidogo kidogo hadi wanafunzi waweze kuyasema bila kusoma.

Faida na mapungufu

Mazungumzo humsaidia mwanafunzi kujifunza kiimbo, mkazo, salamu na namna ya kuomba kwa adabu. Pia humpa mwenye aibu maneno ya kuanzia, na hayahitaji vifaa vingi, jambo muhimu katika madarasa yenye wanafunzi wengi.

Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kukariri bila kuelewa, akakwama mara anapojibiwa tofauti na kitabu. Tena mazungumzo mengi ya vitabuni hayana kusitasita wala kukatizana kama katika maongezi halisi. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970 walimu wengi huyatumia kama hatua ya kwanza tu, kisha huwaacha wanafunzi watunge majibu yao wenyewe.