Je, Wajua? Swali Moja, Kompyuta Milioni

Tuseme unatafuta chumba cha kupanga mtaani Nyalenda, Kisumu. Ukibisha kila mlango, kuanzia Nyalenda A hadi B, utachoka kabla hujapata. Mtandao wa Gnutella, ulioanza mwaka 2000, ulitafuta mafaili vivyo hivyo: kila kompyuta ilirushia jirani zake swali, nazo zikalirusha mbele, hadi laini zikalemewa.

Mwaka 2002, Petar Maymounkov na David Mazières walieleza mfumo wa Kademlia. Humo kila kompyuta na kila faili lina namba, na swali hupelekwa kwa kompyuta yenye namba inayokaribiana zaidi na ile inayotafutwa. Kila hatua hupunguza umbali kwa nusu hivi, kwa hiyo katika kompyuta milioni hatua 20 hutosha. BitTorrent, inayopakua filamu za watu (hatuulizi zipi), huweza kutumia njia hiyo bila seva ya katikati.

Na orodha mbili za majina zikihitaji kulinganishwa, moja iko Nyalenda, nyingine ufuoni Dunga? Usitume orodha nzima, tuma chujio lake. Chujio alilobuni Burton Bloom mwaka 1970 hutumia biti 10 tu kwa kila jina. Jina lisilomo hupenya mara 1 hivi kwa 100. Lililomo halikosekani kamwe.